BARABARA YA KUSINI: NAMBA YAKE NA UMRI WA MADARAJA YAKE

Ndugu Wanachama,

Katika gazeti hili la Chama chetu huandikwa mara nyingi habari za mishahara, likizo, nyumba za watumishi na malipo ya uzeeni, na ni haki yake, kwa maana hayo ndiyo yaliyotukusanya. Safari hii twaomba ruhusa tuandike habari za barabara, yaani barabara kuu itokayo Dar es Salaam ikapita Kibiti, Somanga, Nangurukuru na Lindi, hata ikafika Mingoyo. Mtu aweza kuuliza, Makarani wana nini na barabara? Kazi hiyo si ya mainjinia? Jibu letu ni kwamba sisi tukaao pwani ya Kilwa na Lindi hatuna mlango mwingine ulio karibu. Dawa za hospitali zetu, vitabu vya watoto wetu, karatasi za mitihani, na hata wino wa kuchapia gazeti hili, vyote hupita mlango huo mmoja. Mlango wa nyumba ukiharibika, mwenye nyumba hawezi kukaa kimya kwa kuwa yeye si seremala.

Tena yako mambo mawili katika habari hii ambayo ni ya kazi yetu hasa, nayo ni namba na tarehe. Mainjinia wana elimu ya chuma na zege; lakini kuandika kitu, kukipa namba, kukitia katika daftari pamoja na tarehe yake, na kukumbusha wakati wake ufikapo, hiyo ni kazi ya karani tangu asubuhi hata jioni. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barabara ni mali, na daraja ni mali, tena mali ya gharama kubwa. Basi na tuitazame barabara yetu kama tutazamavyo daftari.

Kwanza tuseme habari za namba. Huko Uingereza barabara zilianza kupewa namba 1922, na 1923 namba hizo zikaonekana katika ramani. Barabara itokayo London kwenda Edinburgh ikawa A1, na nyingine kubwa zitokazo London zikafuatana kwa kuzunguka kama mishale ya saa. Huko Marekani desturi ya kwanza ilikuwa kuziita barabara kwa majina. Vyama vya watu binafsi vilipaka rangi katika nguzo za simu, kila chama rangi yake na jina lake, hata barabara moja ikabeba majina mawili au matatu, na msafiri asijue afuate rangi ipi. Novemba 1926 wakubwa wa barabara wa majimbo walikubaliana juu ya namba: barabara za kaskazini kwenda kusini zikapewa namba za witiri, na za mashariki kwenda magharibi zikapewa namba za shufwa. Tangu siku hizo mgeni asiyejua jina la kijiji hata kimoja aliweza kujua aelekeako kwa kuona namba tu.

Katika nchi yetu barabara kuu zina herufi T. T1 ni ile itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, Iringa na Mbeya hata Tunduma. Yetu ni T7, nayo huishia Mingoyo, ikutanapo na T6 itokayo Mtwara kupita Masasi na Tunduru hadi Songea. Lakini ramani nyingi bado zina namba za zamani za A na B, na humo barabara yetu ni B2, na ile ya Masasi na Songea ni A19. Vivyo hivyo barabara ya Arusha kwenda Namanga ilikuwa A104 pande zote mbili za mpaka. Leo upande wetu ni T2, na upande wa Kenya, baada ya wenzetu kupanga upya namba zao 2016, ni A2. Kwa hiyo mtu mwenye ramani mbili mkononi aweza kudhani kuwa ziko barabara mbili, ilhali ni ileile moja.

Mwulizeni dereva yeyote wa basi katika stendi ya Lindi, T7 iko wapi? Atacheka, au atadhani mwamwuliza habari za injini. Yeye huiita Barabara ya Kusini, na akifika mjini Dar es Salaam huiita Barabara ya Kilwa. Hatumlaumu. Namba ikaayo katika karatasi ya ofisi peke yake haikupata kuwa namba ya barabara. Ni namba ya jalada.

Sasa twende katika majina, mwone jinsi yanavyoweza kutuponza. Mahali barabara yetu ikutanapo na ile ya Masasi, karatasi husema Mingoyo, lakini wasafiri husema Mnazi Mmoja. Mnazi Mmoja uko Dar es Salaam pia, na Unguja pia, penye hospitali kubwa. Kilwa nazo ni tatu: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Mtama ni mji ulio katika njia ya kwenda Masasi. Na huko Somanga, wilaya ya Kilwa, pana mahali paitwapo Somanga Mtama. Kati ya Mtama huu na ule ni zaidi ya kilomita 200. Siku ya heri majina haya hayana madhara. Ni urithi wetu, nasi twayapenda. Lakini fikirini siku ya msiba, usiku, mvua ikinyesha, na mtu apiga simu kwa sauti ya kukatika akisema, "Daraja limekwenda na maji hapa Mtama, na basi limezama." Aliyepokea simu atapeleka watu upande upi? Kama nguzo iliyo kando ya mtu yule ingekuwa imeandikwa T7 na kilomita yake, angeisoma, na msaada ungekwenda mahali pake bila kuuliza mara ya pili.

Tena namba na daraja la barabara si pambo. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara zimegawanywa: ziko kuu, ziko za mkoa, na ziko za wilaya. Barabara kuu na za mkoa huangaliwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa 2000. Barabara za wilaya huangaliwa na TARURA, ulioanzishwa 2017. Sheria hiyo ya 2007 ilipanua pia eneo la barabara kuu na za mkoa, likatoka mita 22.5 kila upande wa mstari wa katikati, likawa mita 30. Kwa hiyo herufi moja katika orodha yaweza kuamua ni ofisi ipi itakayopokea barua ya mwananchi, ni fungu lipi la fedha litakalotumika, na kama ukuta wa nyumba ya mjane wa Nangurukuru uko ndani ya eneo la barabara au nje yake. Tumepata kuiona barua moja ya wanakijiji juu ya kalavati lililoziba, ambayo ilizunguka katika ofisi tatu, kila moja ikiandika pembeni kwamba barabara hiyo si yake, hata mvua zikaja na jibu halijapatikana. Hatutaji ofisi wala mtu. Twasema tu kwamba barua ile ingekuwa na namba ya barabara na namba ya kalavati, tarishi asingetembea bure.

Haya ndiyo ya namba. Sasa tuingie katika umri.

Barabara ya Kusini haikujengwa siku moja. Zamani njia kubwa ya pande hizi ilitoka Kilwa Kivinje ikaenda bara hata Ziwa Nyasa, na katika njia hiyo, karne ya kumi na tisa, pembe na watumwa vililetwa pwani. Hiyo ni habari ya majonzi ambayo mji ule hauwezi kuisahau. Njia ya pwani kwenda kaskazini ilikuwa bahari. Zama za Waingereza jimbo hili lilikatika na Dar es Salaam kila masika, kwa sababu ya mto Rufiji na bonde lake. Mpango wa karanga ulipoanza 1947, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea, nayo ikafunguliwa 1949. Karanga hazikustawi, reli ikafungwa 1962, na baadaye ikang'olewa. Wazee wetu waliona kwa macho yao njia ya chuma ikija na ikiondoka. Kwa hiyo mtu wa Kusini akisema kwamba njia aliyopewa yaweza kupotea, hasemi kwa uchovu wa moyo. Asema kwa historia.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru msafiri alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mto ulipojaa alingoja ng'ambo siku nyingi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa 2003, likaondoa taabu hiyo. Vipande vya kutoka Nangurukuru kupita Mbwemkuru hadi Mingoyo vilipata lami katika miaka ya 2000. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, ndicho kilichobaki nyuma ya vyote, na kazi yake ikakawia hata katikati ya miaka ya 2010. Hapo ndipo mtu alipoweza kunywa chai ya alfajiri Lindi na kula chakula cha jioni Dar es Salaam bila kukanyaga matope.

Kwa hiyo, Ndugu Wanachama, barabara yetu ni moja kwa namba, lakini kwa umri ni nyingi. Kipande kimoja kina miaka ishirini na zaidi, kingine kina miaka kumi na kitu. Lami hukusudiwa kuishi miaka kumi na mitano au ishirini, kisha hutaka kufanywa upya. Karani wa masjala ajua jambo hili: ukifungua majalada ishirini siku mbalimbali, usiyakague yote kwa siku moja, wala usidhani kwamba kwa kuwa moja ni jipya yote ni mapya. Kamba hukatikia pabovu, na barabara kadhalika.

Ubovu wa barabara yetu hautokani na umri peke yake. Tazameni ramani. Barabara hii hufuata pwani kutoka kaskazini kwenda kusini, na mito yote hutoka bara kwenda baharini. Basi hapana mto hata mmoja usiokutana nayo. Rufiji, Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi, na baina yao vijito vingi ambavyo wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu na watoto huchezea mpira humo. Kila mahali pa maji pana daraja au kalavati. Kalavati hupimwa upana wake kwa mvua kubwa ambayo injinia ameihesabu kuwa itakuja mara moja katika miaka kadha. Mvua ikizidi hesabu ile, au magogo na majani yakiziba mdomo, maji hujaa upande wa juu, na tuta la barabara likawa kama ukuta wa bwawa. Maji hupanda, hupita juu ya lami, na yaangukapo upande wa chini hula kifusi kidogo kidogo. Lami hubaki ikining'inia juu ya hewa. Kwa macho barabara ingalipo. Kwa kweli haipo. Gari la kwanza lenye mzigo ndilo litakaloijulisha dunia. Tena kila ekari ya msitu ikatwayo kwa mkaa au kwa shamba la ufuta huyaachia maji yashuke upesi zaidi, hata kalavati lililotosha miaka ishirini iliyopita halitoshi leo.

Na mvua kubwa hatukuzisikia kwa jirani. Aprili 1952 tufani ilipiga mji wa Lindi, ikaua watu. Januari 2020 mafuriko yaliua watu na kuwaacha wengi bila makao katika wilaya ya Kilwa. Mwanzo wa Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya, na mvua zake zilikata barabara mahali pengi katika wilaya ya Kilwa. Mabasi na malori yakakaa siku kadhaa, abiria wakilala ndani, na bidhaa zikiharibika. Mwaka haukutimia: mwanzo wa Aprili 2025 barabara ikakatika tena pale Somanga. Serikali ilipeleka mafundi na mitambo usiku na mchana, na sifa hiyo tuitoe, maana wengi tuliona mawe yakimwagwa hata mvua ikinyesha. Mipango ya kujenga madaraja mapya yaliyo makubwa zaidi ilitangazwa pia. Lakini mtu atibiwaye kila mwaka kwa jeraha lilelile apaswa kuuliza habari za daktari, habari za dawa, na habari za chanzo cha jeraha.

Barabara ikikatika, njia nyingine ya lami ni kuzunguka Morogoro, Iringa, Makambako, Songea, Tunduru na Masasi, zaidi ya kilomita 1,500, badala ya kilomita 450 na kitu za kutoka Dar es Salaam hadi Lindi. Tajiri mwenye lori aweza kuhesabu mafuta yake akaamua. Mama mjamzito wa Kilwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya Sokoine hapa Lindi hana hesabu ya kufanya. Yeye ni lazima avuke Mavuji, na ni lazima avuke Mbwemkuru, na saa zake ni chache. Tukisema kalavati, twasema habari za mama huyo.

Jambo jingine ni uzito. Kati ya 1958 na 1960 mainjinia wa Marekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakapitisha malori mchana na usiku ili waone lami hufa kwa nini. Waliona kwamba madhara ya ekseli huongezeka kwa kadiri ya kuzidisha uzito wake mara nne. Maana yake ni hii: ekseli yenye uzito maradufu haiharibu barabara mara mbili, huiharibu mara kumi na sita. Kwa sababu hiyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitunga sheria 2016 kwamba gari na mzigo wake visizidi tani 56, na nchi yetu ilianza kuifuata Machi 2019. Barabara yetu hupitisha saruji ya kiwanda kikubwa cha Mtwara kilichoanza 2015, korosho, ufuta na chumvi. Na bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi 2023, itakuwa na samaki wake wa kupeleka. Twaifurahia biashara hiyo. Lakini mtu anayempa karani wa mizani kitu mfukoni ili lori lizidi tani tatu, hakumwibia Serikali tu. Ameiibia siku ya safari ya kila mmoja wetu. Na karani apokeaye, twasema kwa huzuni kwa kuwa ni mwenzetu wa kalamu, ameuza daraja ambalo mwanawe atalivuka.

Huko Dar es Salaam Barabara ya Kilwa imewekewa zege hadi Mbagala kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, na mjini yamejengwa madaraja ya juu, kama lile la Mfugale pale Tazara lililofunguliwa 2018, na lile la Ubungo lililofunguliwa 2021. Hatuna kijicho. Mji wenye watu wengi una haki ya kupita upesi. Twakumbusha mambo mawili tu. La kwanza, fedha za matengenezo ya barabara hutoka katika tozo ya mafuta, na lita ya mafuta inunuliwayo Kilwa Kivinje hulipa tozo ileile inunuliwayo Kariakoo. La pili, hata madaraja ya juu yatazeeka, na daraja la juu likizeeka bila kukaguliwa lina hatari kubwa kuliko kalavati, kwa maana chini yake napo wapita watu.

Wenzetu wa nchi tajiri wamelipa ada kubwa kwa somo hili. Desemba 1967 daraja moja la mto Ohio huko Marekani, lililojengwa 1928, lilianguka jioni, magari yakiwa mengi juu yake, wakafa watu 46. Baada ya msiba huo Serikali yao iliamuru kila daraja la barabara kuu liandikwe katika daftari moja la nchi nzima, lipewe namba yake, na likaguliwe kila miaka miwili. Hata hivyo ajali haikwisha. Mji wa Minneapolis ulipoteza daraja Agosti 2007, wakafa watu 13. Vibao vya chuma vya kuungia nguzo vilikuwa vyembamba tangu kujengwa, na uzito uliongezwa juu yake mwaka baada ya mwaka. Mji wa Genoa, Italia, ulipoteza daraja lake la juu Agosti 2018, wakafa watu 43. Nyaya zilizofichwa ndani ya zege zililiwa na kutu. Madaraja yote mawili yalifunguliwa 1967. Fundisho kwetu si kwamba daftari huzuia kila msiba. Fundisho ni kwamba nchi zenye daftari, mainjinia na fedha ziliadhibiwa kwa kusoma daftari bila kutenda. Je, asiyesoma kabisa atasalimika kwa nini?

Twajua yako maneno ya kutupinga. Mwenzetu mmoja atasema, "Ninyi mwaleta rangi na vibao, na maji yataka mawe na chuma." Kweli, namba haizuii maji. Lakini fedha hazitoshi mahali pote kwa mara moja, na penye uchache wa fedha ndipo panapotakiwa orodha, ili kalavati bovu kuliko yote litangulie, wala si lile lililo karibu na nyumba ya mkubwa. Mwingine atasema, "Namba hizo ziko tayari ofisini." Twakubali kwamba ziko, na mainjinia wetu wana kumbukumbu zao. Tunachotaka ni namba hizo zitoke ofisini ziende zikasimame kando ya barabara, mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji, askari na mchuuzi wa samaki wataweza kuzisoma. Mwaka 2022, katika kazi ya anwani za makazi, vichochoro vya miji yetu vilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Kama nyumba ya udongo yaweza kupata namba, daraja la mamilioni ya shilingi halina udhuru.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya, tukiomba Chama kiyapeleke mbele kwa heshima mahali panapohusika.

Kwanza, barabara yote kutoka Kibiti hadi Mingoyo iwe na nguzo zilizoandikwa T7 pamoja na kilomita, na nguzo ikianguka irudishwe.

Pili, kila daraja na kila kalavati kubwa liwe na kibao chenye namba yake, mwaka lilipojengwa, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Tarehe iliyo wazi mbele ya watu humhimiza mkaguzi kuliko barua kumi.

Tatu, nakala ya orodha hiyo iwekwe katika ofisi za wilaya za Kilwa na Lindi, na raia yeyote aruhusiwe kuisoma.

Nne, kalavati lililokwenda na maji lisirudishwe kwa kipimo kilekile. Kurudisha bomba dogo mahali palipolishinda ni kuagana na maji tarehe ya kurudi.

Tano, barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale na kutoka huko hata Nachingwea itengenezwe ipitike mwaka mzima, ili mkoa usitundikwe kwa uzi mmoja. Hiyo ni kazi ya miaka, nasi hatuombi ifanyike kesho. Twaomba iandikwe katika mipango na ibaki humo.

Sasa kwetu sisi wenyewe. Desturi ya watu wengi ni kudai kisha kulala. Sisi makarani tumetapakaa katika kila tarafa ya pwani hii: tuko zahanati, shule, mahakama za mwanzo, bandari, ofisi za kata. Hakuna anayeona maji mapema kuliko sisi, na hakuna aliyezoea kuandika kuliko sisi. Basi kila mwanachama aliye karibu na barabara achukue daftari la senti chache, aandike mambo manne: mahali, tarehe, saa maji yalipopita juu ya lami, na saa yalipopungua. Asiongeze chumvi, wala asiandike lawama. Tarakimu tupu zatosha. Miaka mitatu ya tarakimu hizo, kutoka Somanga hadi Mingoyo, zitamsaidia injinia kuliko hotuba zote, kwa sababu yeye hukaa mbali na hawezi kukesha kando ya kila kijito.

Mvua za kwetu huanza Desemba. Wanachama walio tayari kwa kazi hii wampe Katibu wa Chama majina yao na vituo vyao kabla ya mwisho wa Novemba, naye atawagawia vipande vya barabara ili wawili wasiandike kalavati moja na jingine likakosa mwandishi. Walio Mavuji na Mbwemkuru twawaomba hasa, kwani huko tuna wachache.

Sisi wenzenu katika kazi,
Wanachama wa Lindi